Kazadi Mwamba, golikipa wa Katanga: dakika 21 zilizofunika miaka saba ya ushindi

Kwa watu wengi duniani, jina la Kazadi Mwamba linaanza na kuishia siku moja: tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi. Siku hiyo Zaire ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia, na golikipa wake akatolewa uwanjani dakika ya 21.

Kwa wapenzi wa kabumbu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, hesabu ya maisha yake ni nyingine. Inaanza na makombe mawili ya Afrika aliyoyapata na klabu ya Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe. Inaendelea na makombe mawili ya Afrika aliyoyapata na timu ya taifa, pamoja na heshima ya mchezaji bora wa mashindano ya mwaka 1968, ambayo magolikipa ni wachache sana kuipata. Dakika 21 za Gelsenkirchen zimo ndani ya hesabu hiyo, lakini hazijazi ukurasa mzima.

Timu zilizokua pamoja na migodi

Kazadi alizaliwa tarehe 6 Machi 1947, wakati Congo ilikuwa bado koloni la Ubelgiji. Katika miaka hiyo, maisha ya ukanda wa shaba yalikuwa mikononi mwa Union Minière. Kampuni hiyo ilikuwa na migodi, viwanda, nyumba, hospitali na shule. Ilimpa mfanyakazi posho ya chakula, na ilijua idadi ya watoto wake. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwa makao ya migodi ya magharibi, ile ya Musonoi na Kamoto iliyokuja kulisha nchi nzima.

Watu waliojaza kambi hizo walitoka mbali: Kasai, Lomami, pande za Rwanda, na ng'ambo ya mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kila mmoja alikuja na lugha yake na desturi zake. Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya soko, na mpira ukawa mchezo wa Jumapili. Kampuni na wamisionari waliupenda mchezo huo kwa sababu zao: mfanyakazi anayecheza hanywi, na kijana anayefuata filimbi ya refa atafuata pia king'ora cha mgodi. Wafanyakazi nao walikuwa na sababu zao. Uwanjani mtu hakuwa namba ya kazi tena. Alikuwa na jina, na watu walilitaja kwa sauti.

Mwaka 1939, mapadri Wabenedikto waliosimamia shule ya Saint-Boniface mjini Elisabethville walianzisha timu kwa ajili ya vijana wao. Waliiita Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya magari. Mwaka huohuo 1939 ilizaliwa Saint-Éloi, timu ya watu wa reli, ambayo wote wanaijua leo kwa jina la Lupopo. Tangu hapo mji ukagawanyika pande mbili. Wapo waliovaa nyeusi na nyeupe ya Englebert, na wapo waliovaa buluu na manjano ya Lupopo.

Kolwezi na Likasi nazo zilipata timu zao. Simba imebeba jina la Kolwezi katika mashindano ya taifa, na Panda B52 imebeba la Likasi. Lakini reli iliyosafirisha shaba kutoka Kolwezi kupitia Tenke na Likasi hadi Lubumbashi ilisafirisha pia habari za mpira. Mtu aliweza kushangilia timu ya kambi yake asubuhi, na jioni akauliza Englebert imefanya nini. Hali hiyo haijabadilika hadi leo.

Mwaka ambao majina yalibadilika

Mwaka 1966 ulikuwa wa mageuzi makubwa huko Katanga. Elisabethville ikaitwa Lubumbashi. Mwisho wa mwaka huo serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, na tarehe 1 Januari 1967 kampuni mpya ya taifa, Gécomin, ikaanza kazi. Ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Jeraha la miaka miwili na nusu ya kujitenga kwa Katanga, iliyokwisha Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi, lilikuwa bado halijapona.

Katika mwaka huohuo 1966, Englebert ilishinda ubingwa wa taifa, kombe la nchi na kombe la Katanga. Baada ya hapo ikajiongezea jina la Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Mbele ya lango la timu hiyo alikuja kusimama kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 21. Alikuwa Kazadi.

Kazi ya golikipa ilikuwa ngumu kuliko ilivyo sasa. Viwanja vilikuwa vya vumbi wakati wa kiangazi na vya matope wakati wa mvua. Mpira wa ngozi uliloa ukawa mzito, na marefa hawakumlinda golikipa kama siku hizi. Aliyeruka kuufuata mpira wa kona alijua kwamba anaweza kushuka akiwa amevunjika mbavu. Mshambuliaji akikosa bao mara tatu na kufunga mara moja, hubebwa mabegani. Golikipa akiokoa mara tatu na kukosa mara moja, hulaumiwa njia nzima ya kurudi nyumbani. Kazadi aliyajua hayo mapema, na yalimfuata hadi mwisho.

Makombe mawili yaja Lubumbashi

Mwaka 1967 Englebert ilifika fainali ya Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Wakati huo Ghana ndiyo ilikuwa baba wa kabumbu barani, kwani timu yake ya taifa ilikuwa imeshinda Kombe la Mataifa mwaka 1963 na 1965. Mchezo wa kwanza, mjini Kumasi, uliisha 1 kwa 1. Wa pili, huku Congo, uliisha 2 kwa 2. Sheria za wakati huo zilitaka mchezo wa tatu, na ukapangwa kuchezwa Kameruni. Kotoko hawakutokea, na kombe likaja Lubumbashi.

Walikuwepo waliosema kwamba kombe hilo limepatikana mezani. Jibu lilitolewa uwanjani mwaka uliofuata. Katika fainali ya 1968 Englebert iliifunga Étoile Filante ya Togo mabao 5 kwa 0. Mjini Lomé ilipoteza 4 kwa 1, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Ikawa klabu ya kwanza barani kulitetea kombe hilo. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya klabu nyingine, Enyimba ya Nigeria, kufanya vivyo hivyo mwaka 2003 na 2004.

Englebert ilirudi fainali mwaka 1969 na kufungwa na Ismaily ya Misri. Ikarudi tena mwaka 1970, na safari hii Kotoko wakalipiza kisasi. Fainali nne mfululizo, makombe mawili. Kwa mji ulioitwa mji wa shaba tu, mji ambao utajiri wake ulipandishwa treni na kwenda kuhesabiwa kwingine, hilo lilikuwa jambo geni. Kwa mara ya kwanza kitu chenye thamani kilikuwa kinaingia Lubumbashi badala ya kutoka.

Addis Ababa, Januari 1968

Kati ya makombe hayo mawili ya klabu, Kazadi alikwenda Ethiopia na timu ya taifa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Congo ilianza kwa kuifunga Congo-Brazzaville 3 kwa 0, ikafungwa na Ghana 2 kwa 1, kisha ikaishinda Senegal 2 kwa 1. Katika nusu fainali ilikutana na wenyeji mbele ya watu wao na kuwatoa 3 kwa 2 baada ya muda wa nyongeza.

Tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa, Ghana ilikuwa tena upande wa pili. Bao pekee la fainali lilifungwa na Pierre Kalala, mwenzake Kazadi wa Englebert. Mmoja wa Lubumbashi alifunga mbele, na mwingine wa Lubumbashi akafunga mlango nyuma. Congo ikachukua kombe lake la kwanza la Afrika. Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire ndiye aliyefunga mabao mengi kuliko wote, lakini heshima ya mchezaji bora wa mashindano ilikwenda kwa golikipa wa Congo. Alikuwa na miaka 20.

Miaka mitano baadaye, jina la nchi lilikuwa Zaire, na siasa ya kurudia asili ilikuwa imefuta majina ya kigeni. Englebert ikawa Mazembe. Mwaka 1973 waandishi wa habari walipopiga kura kumchagua mchezaji bora wa Afrika, wa kwanza alikuwa beki Bwanga Tshimen na wa pili alikuwa Kazadi Mwamba. Wote wawili walikuwa wa klabu moja na mji mmoja. Bwanga alisimama katikati ya ulinzi, Kazadi nyuma yake. Bara zima lilikuwa limekiri kwamba ukuta mgumu kuliko yote Afrika umejengwa Lubumbashi.

Kutoka Misri hadi Ujerumani

Desemba 1973, mjini Kinshasa, Zaire iliifunga Moroko 3 kwa 0 na kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Hakuna timu ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imefika huko kabla yake. Machi 1974, huko Misri, ikashinda tena Kombe la Mataifa. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2 kwa 2 na ikabidi irudiwe siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne yalifungwa na Mulamba Ndaye, na langoni alikuwa Kazadi. Mobutu aliwazawadia wachezaji nyumba na magari.

Miezi mitatu baadaye wakawa Ujerumani. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Uskoti iliwafunga 2 kwa 0. Halikuwa tokeo la aibu, na wengi waliusifu mchezo wao. Lakini ndani ya kambi mambo yalikuwa yameharibika. Wachezaji waligundua kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia, huku wajumbe wengi wa serikali wakiwa wamefuatana nao Ulaya. Walifikiria kugoma. Mwishowe walishawishiwa kuingia uwanjani, lakini miili yao ndiyo iliyoingia, si mioyo.

Yugoslavia ilifunga dakika ya 8, ya 14 na ya 18. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, alikuwa mwenyewe Myugoslavia na golikipa wa zamani wa nchi hiyo. Dakika ya 21 Kazadi akaitwa atoke. Nafasi yake ilichukuliwa na Tubilandu Dimbi wa Vita Club ya Kinshasa. Dakika moja baadaye Tubilandu alikuwa anautoa mpira wavuni, na katika vurugu iliyofuata Mulamba akapewa kadi nyekundu. Hadi mapumziko yalikuwa mabao 6. Hadi mwisho yalikuwa 9.

Kumtoa golikipa ambaye hajaumia ni jambo adimu katika mpira. Baadaye ilisimuliwa kwamba uamuzi haukuwa wa kocha peke yake, bali uliagizwa na wakubwa waliokuwa karibu na timu. Vyovyote ilivyokuwa, mabao sita yaliyofuata yalionyesha kwamba ugonjwa haukuwa langoni. Kwa mashabiki wa Mazembe uchungu ulikuwa wa namna mbili: taifa lilikuwa limeaibika, na mtu wao alikuwa ametolewa mbele ya dunia kama mwenye kosa.

Siku nne baadaye Kazadi alirudishwa langoni, na mpinzani alikuwa Brazili, bingwa wa dunia. Wachezaji kadhaa wa Zaire walisimulia miaka mingi baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwaonya: wakifungwa zaidi ya mabao matatu, wasitegemee kurudi nyumbani salama. Brazili nayo ilihitaji ushindi wa mabao matatu ili kuipita Uskoti. Jairzinho alifunga dakika ya 12, kisha zaidi ya dakika 50 zikapita bila bao. Rivellino akafunga la pili. Dakika ya 79 shuti la Valdomiro, lililoonekana la kawaida, likapita chini ya mwili wa Kazadi. Likawa bao la tatu na la mwisho. Uskoti ilirudi nyumbani bila kufungwa mchezo hata mmoja.

Bao hilo la Valdomiro ni kosa la golikipa, na hakuna haja ya kulificha. Lakini mtu aliyetolewa kwa aibu siku ya Jumanne akasimama tena siku ya Jumamosi mbele ya Brazili, akijua kinachomngoja nyumbani, hakuwa mtu mwoga.

Kurudi bila ngoma

Machi wachezaji walipokelewa kama mashujaa. Julai hakukuwa na mapokezi. Mobutu aliigeuzia timu mgongo, na fedha za mpira zikapungua. Kabla ya hapo alikuwa amewazuia wachezaji wa nyumbani kwenda kutafuta riziki Ulaya. Kwa hiyo kizazi chote hicho kilizeeka hapa nchini, na wengi wao walikufa au kuishi katika shida.

Ukanda wa shaba nao ulianguka mwaka huohuo. Bei ya shaba duniani ilipanda sana mwanzoni mwa 1974, kisha ikaporomoka. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kwenda baharini. Mei 1978 Kolwezi ilivamiwa, na mamia ya watu, Wakongomani na wageni, wakauawa. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, na uzalishaji wa Gécamines ukaanguka vibaya. Posho ikakoma, hospitali zikakosa dawa, walimu wakakosa mshahara.

Jambo baya kuliko yote lilikuja mwaka 1992 na 1993. Siasa iliwageuza majirani kuwa maadui. Maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga, walifukuzwa majumbani mwao na kulundikana katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi walikufa hapohapo au njiani. Katika umati ule walikuwemo bila shaka watu waliokuwa wamekaa jukwaa moja na waliowafukuza, wakishangilia mabao yaleyale ya 1967 na 1968. Mpira ulikuwa umewakusanya kila Jumapili, lakini haukuweza kuwalinda siku za katikati ya juma.

Kazadi Mwamba alifariki mwaka 1996, kabla ya kufikisha miaka 50. Mwaka uliofuata utawala wa Mobutu ulianguka.

Deni la ukanda wa shaba

Mazembe ilisubiri hadi mwaka 2009 kuwa tena bingwa wa Afrika. Mwaka 2010 ikalitetea kombe, kama ilivyofanya enzi za Kazadi, kisha ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu dhidi ya Inter ya Italia. Golikipa wake, Robert Kidiaba, alijulikana dunia nzima kwa kurukaruka akiwa amekaa chini kila timu yake ilipofunga. Mwaka 2015 likaja kombe la tano. Tangu 2011 klabu ina uwanja wake mwenyewe Kamalondo.

Vijana wa Kolwezi wanaovaa fulana nyeusi na nyeupe leo wanamjua Kidiaba, kwa sababu picha zake zinapatikana kwenye kila simu. Za Kazadi zilizobaki ni chache, na zinazotazamwa zaidi ni zile za Ujerumani. Michezo ya Englebert iliyompa sifa ilisikika redioni, ikasimuliwa kazini siku iliyofuata, kisha ikabaki katika vichwa vya watu. Watu hao sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo kumbukumbu yake iko mikononi mwa wenyeji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Dunia imeshika dakika 21. Miaka saba iliyotangulia, yenye makombe manne ya bara na heshima ya Addis Ababa, haitasimuliwa na Wajerumani wala Wayugoslavia. Itasimuliwa na babu aliyekuwa na redio, kama mjukuu atamuuliza.